Riwaya za upelelezi za kuchekesha: mfululizo unaanza kuchosha kitabu cha ngapi, na kwa nini?

#1 Kibatari

Habari za jioni wakuu.

Kuna jambo linanikera muda mrefu, naomba tulijadili. Mimi ni msomaji wa Stephanie Plum tangu nikiokota vitabu vya mtumba kwa wale wauzaji wa kando ya barabara pale Posta. Kwa wasiomjua, ni dada wa Trenton, New Jersey, aliyepunguzwa kazi kwenye kampuni alikokuwa mnunuzi wa nguo za ndani za kike. Madeni yakambana, akaenda kwa binamu yake Vinnie ambaye biashara yake ni kuwawekea watu dhamana mahakamani. Kazi aliyopewa ni kuwasaka waliowekewa dhamana kisha wakaingia mitini. Hana mafunzo, hana shabaha, bastola anailaza ndani ya kopo la biskuti jikoni. Janet Evanovich alitoa kitabu cha kwanza 1994, na sijawahi kucheka na riwaya ya upelelezi namna ile.

Sasa vimepita thelathini. Gari bado linalipuka au linaungua. Bibi yake, Grandma Mazur, bado anahudhuria misiba ya watu asiowajua na kutaka kufunua jeneza lililofungwa. Lula, mwenzake wa kazini, bado ana njaa. Na dada mwenyewe bado hajaamua kati ya wanaume wawili: Morelli, yule askari, na Ranger, msaka watoro mwenzake.

Dai langu: mfululizo wa aina hii hufa siku fumbo linapobaki kuwa kisingizio cha utani. Rudini kitabu cha kwanza mkamtazame Benito Ramirez, yule bondia. Anatisha. Stephanie anamkuta Lula nje ya dirisha lake, amefungwa kwenye ngazi ya dharura, amepigwa nusura afe. Hakuna kichekesho hapo. Kicheko cha kitabu kile kilikuwa cha mtu anayeogopa, na mimi niliogopa naye. Siku hizi nikifungua ukurasa wa kwanza najua hakuna wa karibu atakayeumia, muuaji ni mpita njia, na ninachosubiri ni gari liungue.

Nyie mliona wapi? Kitabu cha ngapi? Na tatizo ni nini hasa?

#2 Pwagu

Nimevuta kiti. Hatimaye uzi usio wa usajili wala uchaguzi.

#3 Mama Wawili

Kibatari, kwa heshima zote, nadhani tatizo ni namna ulivyosoma. Uliokota rundo la mtumba ukalimaliza kwa mpigo, si ndiyo? Mwandishi alivitoa kimoja kwa mwaka. Huwezi kula pilau ya Idi kila siku ya juma halafu umlaumu mpishi kwamba ladha ni ileile.

Mimi niko na Mma Ramotswe, mpelelezi wa Gaborone, Botswana, wa mwandishi Alexander McCall Smith. Nafanya kazi za zamu ya usiku wodini. Nikitoka asubuhi sitaki muuaji wa kunitisha, ya kutisha nimeshayaona. Nataka nikute kigari chake cheupe bado kinakohoa, chai yake ya majani mekundu bado inachemka, na msaidizi wake Mma Makutsi bado anawakumbusha watu kwamba alipata asilimia 97 kwenye mtihani wa mwisho wa chuo cha makatibu muhtasi. Siku Mma Makutsi akiacha kuitaja ile 97, mimi ndipo nitakaposema mwandishi amechoka.

#4 Fundi Saa

Hiyo 97 ndiyo iliyonitoa mimi! Kila kitabu. Na kila kitabu nasimuliwa upya kwamba baba yake, Obed Ramotswe, alifanya kazi migodini Afrika Kusini, kwamba binti aliuza ng'ombe wa urithi akafungua ofisi, kwamba mume wa kwanza, Note Mokoti, alikuwa mpiga tarumbeta na alikuwa akimpiga. Najua jamani, nilikuwepo!

Lakini simlaumu mwandishi. Nimefanya kazi duka la vitabu hapa Nairobi, nimeona mteja anavyonunua. Anashika kitabu cha kumi na saba kwa kuwa jalada limempendeza, hana habari kwamba kuna kumi na sita kabla yake. Mchapishaji hataki mteja huyo apotee njia. Ndiyo maana kurasa za mwanzo zinajaa utambulisho. Mgeni anakaribishwa, sisi wenyeji tunakaa tunasubiri amalize kusalimia. Hisia ya kurudiarudia inatoka hapo, wala haihusiani na fumbo.

#5 Kamusi Tembezi

Kabla hatujaenda mbali: Mma Ramotswe na Stephanie Plum wasiwekwe kapu moja.

Mma Ramotswe alianza 1998. Mwisho wa kitabu hicho hicho anakubali posa ya Mr J.L.B. Matekoni, fundi wa magari. Ndoa ikafungwa mwisho wa kitabu cha tano, 2003, kwenye kituo cha yatima cha Mma Potokwani. Mma Makutsi ameanza kama katibu muhtasi, akawa mpelelezi msaidizi, akaolewa na Phuti Radiphuti wa duka la samani katika kitabu cha 2011, akajifungua mtoto. Hata kigari cheupe kiliwahi kuondoka kikarudi. Na kitabu cha 2012 kilimleta Gaborone Clovis Andersen mwenyewe, yule Mmarekani aliyeandika mwongozo wa upelelezi ambao wanaunukuu tangu siku ya kwanza. Muda unatembea. Polepole, lakini unatembea.

Stephanie alikuwa na miaka thelathini hivi mwaka 1994. Bado ana thelathini hivi. Simu za mkononi zimekuja, marais wamepokezana, yeye na Morelli wako palepale. Nadhani kinachochosha ni muda uliogandishwa.

#6 Mwalimu Chaki

Hoja ya muda haisimami, Kamusi. Hercule Poirot, yule mpelelezi wa Agatha Christie, alipotokea mara ya kwanza 1920 alikuwa ameshastaafu upolisi kwao Ubelgiji. Kitabu chake cha mwisho kilichapishwa 1975. Piga hesabu ya umri wake. Wasomaji hawakujali kabisa, hadi New York Times likaandika tanzia yake ukurasa wa mbele, mtu wa kubuni!

Aliyembeba Poirot ni fumbo. Masharubu yaleyale, kujisifu kulekule, kulalamikia vumbi kulekule, lakini swali la nani kaua na kwa hila gani lilikuwa jipya. Nimefundisha fasihi karibu maisha yangu yote ya kazi na hili nililiona kwa wanafunzi: kichekesho cha mhusika huvumilika hata mara mia ikiwa swali ni jipya. Hapo namuunga mkono mleta mada.

Ila naongeza jambo. Agatha Christie mwenyewe alimchoka Poirot mapema. Akamuumba Ariadne Oliver, mwandishi wa riwaya za upelelezi anayejuta kwa nini alimfanya mpelelezi wake awe Mfini ilhali Ufini yenyewe haijui. Na kile kitabu cha mwisho cha Poirot alikiandika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akakifungia. Yaani uchovu wake ulitangulia uchovu wa wasomaji kwa miaka mingi. Tusichanganye uchovu wa mwandishi na wa msomaji.

#7 Nahodha Mkavu

Mwalimu umenena. Na Conan Doyle je? Alimchoka Sherlock Holmes akamuua, wasomaji wakaja juu, akamfufua na ile hadithi ya mbwa wa Baskerville.

#8 Kamusi Tembezi

Rekebisho dogo. Alimuua 1893 kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi. Ile ya mbwa ilitoka gazetini 1901 hadi 1902, na matukio yake yamewekwa kabla ya kifo, kwa hiyo hapo Holmes alikuwa bado marehemu. Kufufuka hasa ni 1903.

#9 Pwagu

Nahodha, tia nanga upumzike. Jamaa ana makabati kichwani.

#10 Nahodha Mkavu

Tarehe chukueni, hoja niachieni. Mimi nikisoma zile za baada ya kufufuka naona mtu aliyerudishwa kazini kwa nguvu. Akili ipo, furaha hakuna. Msomaji anaisikia hata kama hajui historia.

#11 Mla Urojo

Mnazunguka dunia nzima na nyumbani tunaye mpelelezi wetu Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, alishinda shindano la uandishi na *Mzimu wa Watu wa Kale*, kikachapishwa 1960. *Kosa la Bwana Msa* kikatoka 1984. Katikati kuna *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na *Mwana wa Yungi Hulewa*. Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni akistaajabu. Mna utani mle, ule wa barazani, wa watu kutegana kwa maneno huku kila mmoja akijifanya hajamwelewa mwenzake. Navirudia kila nikipata nafasi na sijachoka.

Sasa tazama: karibu robo karne, vitabu vya kuhesabika kwa vidole. Kati ya *Mzimu* na *Kisima* ni miaka minane. Mwandishi anapata muda wa kuishi, kusikia maneno mapya mitaani, kusahau mbinu aliyoitumia juzi. Hao wenzetu wa Marekani ni kitabu kila mwaka, na Evanovich alikuwa akichomeka na vile vifupi vya sikukuu katikati. Ugonjwa ni kasi.

#12 Binti Tanga

Mla Urojo umenipeleka mbali. Kabati la baba lilikuwa na Bwana Msa, na Joram Kiango wa Musiba, tukigombania na kaka zangu nani aanze.

#13 Kamusi Tembezi

Joram Kiango ni wa Ben Mtobwa. Wa Elvis Musiba ni Willy Gamba.

#14 Binti Tanga

Shukrani. Wote wawili walikuwemo kabatini, na hoja yangu inawahusu wote wawili.

Wapelelezi hao, Joram na Willy, hawakuandikwa ili tuwacheke. Mpelelezi wa kazi ngumu akirudia kujiingiza kwenye hatari na kutoka akiwa na jeraha, msomaji anasema naam, huyo ndiye. Hakuna anayelalamika kwamba Willy Gamba amepiga risasi tena. Mzaha hauna bahati hiyo. Mzaha unaishi kwa kushtukiza, ukiutabiri, umekwisha. Kwa hiyo riwaya ya upelelezi ya kuchekesha ina mizigo miwili inayochakaa kwa pamoja: fumbo linalotaka kuwa jipya na utani unaotaka kuwa mpya. Mwandishi wa upelelezi mkavu ana mmoja. Mwandishi wa vichekesho vitupu ana mmoja. Huyu ana miwili na mwaka mmoja wa kuandika. Mimi namwonea huruma Evanovich, kusema kweli, na nashangaa alifika mbali hivyo.

#15 Mzee wa Katuba

Jambo kwenu wote, niko Lubumbashi. Nimesoma yote kwa furaha, lakini Mla Urojo, kasi si ugonjwa.

Huku sisi tumekulia San-Antonio, wa Frédéric Dard. Kuanzia 1949 mpaka alipofariki 2000 alifikisha vitabu 175 vya huyo komisari. Gawanya mwenyewe uone ni vingapi kwa mwaka! Papa alikuwa navyo sanduku zima, vile vya mchapishaji Fleuve Noir, majalada yamechanika kwa kuazimwa mtaani. Kuna komisari San-Antonio, kuna Bérurier mlafi na mchafu, kuna Pinaud mzee wa kusinzia. Hakuna mtu niliyemjua aliyevisoma ili ajue nani kaua. Tulivisoma kwa ajili ya Kifaransa chake. Dard alikuwa anavunja maneno, anaunda mengine, anatukana kwa namna ambayo hujapata kuisikia, anamwacha muuaji akimbie kurasa nzima ili yeye agombane na msomaji. Bérurier anakula kitabu cha ishirini, anakula kitabu cha mia. Kula ni kulekule, sentensi ndiyo mpya.

Basi mimi sipokei la fumbo, wala la muda, wala la kasi. Mfululizo unachosha pale lugha inapochoka. Baada ya kifo chake mtoto wake Patrice ameendeleza. Heshima kwake, nimejaribu kusoma. Lakini mimi nilibaki kwa baba.

#16 Fundi Saa

Mzee, hoja nzito. Ila wangapi humu wanaweza kumsoma? Kifaransa cha namna hiyo hakivuki mpaka kirahisi, utani unabaki kwa wenye lugha. Plum anasomeka ndani ya matatu, umesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Lugha nyepesi ndiyo iliyomfikisha Nairobi.

#17 Mzee wa Katuba

Kweli. Na lugha nyepesi haina akiba. Ukifika kitabu cha kumi umeshaijua yote.

#18 Mama Wawili

Binti Tanga, mzaha ukitabiriwa umekwisha? Hukuhadithiwa Sungura na Fisi wewe? Fisi anadanganywa leo, kesho, keshokutwa. Mtoto anajua kabisa atadanganywa, na anaanza kucheka Fisi akiwa bado njiani anakuja. Ukijaribu kubadilisha hata neno moja anakurekebisha. Na marehemu King Majuto? Watu walicheka akitokea tu mlangoni, hajafungua mdomo. Kuna kicheko cha kushtukizwa na kuna kicheko cha kumwona mtu unayemjua. Riwaya hizi zinaishi kwa hicho cha pili. Mnaotaka mshtuko mmeingia duka la jirani.

#19 Binti Tanga

Dada yangu, Sungura na Fisi ni hadithi ya dakika kumi kabla ya kulala. Hii ni riwaya ya kurasa mia tatu.

#20 Kibatari

Asanteni wote. Nimesoma kila komenti.

Mama Wawili, kwanza nikutoe wasiwasi: rundo la mtumba lilikuwa la mwanzo, na hayo ya mwanzo ndiyo niliyoyapenda. Vya katikati na vya karibuni nilivisoma kimoja kimoja kadiri vilivyotoka. Pilau niliisubiri mwaka mzima.

Pili, Sungura. Bibi yangu alikuwa anatutazama usoni anapohadithia. Akiona tumesinzia anamwongezea Fisi kilio, akiona tumechoka anakata. Ile hadithi ilikuwa ileile lakini ilitambwa kwa ajili yetu usiku ule. Na Sungura mwenyewe hana kinga. Kobe alimshinda mbio mbele ya wanyama wote. Kuna usiku anakamatwa. Mtoto hajui leo ni usiku upi, ndiyo maana anasikiliza. Stephanie Plum amepewa kinga. Hicho ndicho ninachokililia.

#21 Pwagu

Mwaka mzima unasubiri pilau, sinia linafunuliwa, wali mweupe. Pole sana mkuu.

#22 Dada wa Bologna

Naandika kutoka Italia, nashangaa hakuna aliyemtaja Komishna Montalbano. Andrea Camilleri alitoa cha kwanza 1994, mwaka uleule wa Stephanie Plum, kwa hiyo hao wawili walianza safari pamoja. Vigàta, mji wa kubuni, Sicily. Watu wanakufa kweli, mafia wapo, wanasiasa wanaficha mambo, na utacheka.

Kuna Catarella, askari wa kupokea simu. Kila jina analoambiwa analiharibu, na kila akiingia ofisini kwa mkubwa wake mlango unamponyoka unabamiza ukuta. Kila kitabu. Na kila kitabu namsubiri. Nimejiuliza kwa nini huyu hanichoshi, nikaona ni kwa sababu jina aliloliharibu mara nyingi ni la mtu wa kwenye kesi. Montalbano inabidi alifumbue jina kwanza ndipo aende kwenye kifo. Mzaha wenyewe ni kipande cha fumbo. Gari la Stephanie likiungua, kesi haisogei hata hatua moja. Tunasimama, tunacheka, tunaendelea. Kibatari, nadhani hiki ndicho ulichokuwa unakitafuta: utani na fumbo vimetengana, kila kimoja kinapita njia yake.

Halafu Camilleri alimzeesha. Montalbano anaanza kuogopa uzee, anabishana na nafsi yake, ugomvi wake wa simu na mpenzi wake Livia unaanza kuwa na uchungu ambao mwanzoni haukuwepo. Na mwisho aliuandaa mapema. *Riccardino* aliiandika katikati ya miaka ya 2000, akaikabidhi kwa mchapishaji wake wa Palermo ikae mpaka yeye atakapokuwa hayupo. Alifariki Julai 2019, kitabu kikatoka 2020. Humo Mwandishi mwenyewe anampigia simu Montalbano, wanagombana kesi iendeje, na Montalbano anaona kero kulinganishwa na yule mwenzake wa kwenye televisheni. Uchovu wote wa miaka ile kaugeuza kuwa hadithi. Nililia na kucheka kitabu hicho hicho.

Pamoja na hayo yote, kuna vya katikati ambavyo leo ukiniuliza kipi ni kipi sitaweza kukutofautishia. Kwa hiyo hakuna aliyepona.

#23 Mzee wa Katuba

Dada, na Catarella anaongea lugha gani? Camilleri si aliandika Kiitaliano kilichochanganywa na Kisicilia? Basi ni lugha tena! Unanipa ushindi bila kujua.

#24 Dada wa Bologna

Nakupa nusu, Mzee. Nimewahi kumpa rafiki yangu tafsiri ya Kiingereza, na Catarella alimchekesha vilevile. Kama ingekuwa lugha peke yake asingecheka.

#25 Mla Urojo

Jamani, mmeona hawa wapelelezi wa kuchekesha wanavyokula? Montalbano anakula akiwa kimya, hataki kuongeleshwa mezani, na Adelina, mtumishi wake wa nyumbani, akimpikia arancini, yale madonge ya wali ya kukaanga, anaahirisha safari. Mma Ramotswe na keki ya matunda ya Mma Potokwani. Stephanie na keki ya nanasi ya mama yake. Bérurier ndio kabisa. Wapelelezi wakavu hawali, wanavuta sigara.

#26 Pwagu

Usiku wote huu mnaongelea keki na sisi wengine tuna viporo.

#27 Mama Wawili

Mla Urojo, umelipata kuliko sisi wote. Vitabu hivi ni kwenda kusalimia nyumbani. Unaenda kwa mama mkubwa, anakuuliza yaleyale, unakula kilekile, anakusimulia habari ya jirani yuleyule. Hakuna anayetoka kwa mama mkubwa akilalamika hakukuwa na jipya.

#28 Fundi Saa

Wapo wanaolalamika, Mama Wawili. Njiani, wakirudi.

#29 Kamusi Tembezi

Naomba turudi kwa Plum, kuna jambo halijaguswa. Kabla ya 1994 Evanovich alikuwa mwandishi wa riwaya fupi za mapenzi. Huko sheria ni moja: wawili wakikubaliana, hadithi imefungwa. Nadhani aliingia kwenye upelelezi na sheria hiyo begani. Stephanie akimchagua Morelli au Ranger, kwa mwandishi ni kama kuandika ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo hachagui, na kila kitu kingine kinalazimika kusimama naye, umri, kazi, makazi.

Na si kwamba hakujaribu. Kitabu cha kumi na moja, 2005, kinaanza na Stephanie kuacha kazi ya Vinnie. Anahangaika na vibarua vingine, mambo yanamharibikia, hatimaye yuko tena kwenye kazi ileile. Nilipokisoma nilisikitika sana. Mlango ulifunguliwa kabisa, halafu ukarudishwa.

#30 Mwalimu Chaki

Hapo Kamusi umegusa kitu, ingawa McCall Smith anakupinga. Aliwaoza wake kitabu cha tano na mfululizo ukavuka ishirini. Ndoa haikuua kitu.

Mimi mlango huo wa 2005 nausoma vingine. Nadhani aliyeurudisha ni msomaji. Mtu ananunua kitabu cha kumi na moja kwa sababu alipenda kile cha kwanza. Anataka upya, lakini upya wa namna ileile. Mwandishi akimpa Stephanie anayeuza mikate anarudisha kitabu dukani. Halafu sisi haohao tunakuja kulalamika kwamba habadiliki.

#31 Nahodha Mkavu

Au ni televisheni na sinema. Mhusika akishapigwa picha haruhusiwi kubadilika tena.

#32 Kamusi Tembezi

Kwa Plum haiwezekani, filamu yake, aliyoigiza Katherine Heigl, imetoka 2012 na malalamiko ya kurudiarudia yana umri mkubwa kuliko hiyo. Mma Ramotswe wa televisheni, aliyeigizwa na Jill Scott, ile iliyopigwa Botswana kwenyewe, ilikuwa msimu mmoja tu.

#33 Nahodha Mkavu

Leo umeamua. Ila ile ya Botswana ilikuwa nzuri sana, walistahili misimu mingine. Gaborone ilionekana mji wa watu wanaoishi, si mbuga.

#34 Mgeni wa Leo

Samahani, ni mara yangu ya kwanza kuchangia, nimekuwa nasoma kimyakimya. Mimi Stephanie Plum nilianza na kitabu cha kumi na nane, nilikikuta nyumba ya wageni Moshi. Nilicheka mpaka wa chumba cha pili akagonga ukuta. Gari likiungua nilishtuka kweli, sikujua kama ndiyo kawaida yake. Dada yangu alianzia cha saba, anasema cha saba hakina mpinzani. Mume wake alianzia cha kumi na mbili, naye hasikii la mtu. Kila mmoja anakitetea alichoanzia, na kila mmoja anasema alianza kuchoka baada ya vinne au vitano kutoka hapo. Sasa kama vitabu ndivyo vilivyochoka, mbona tumechoka sehemu tofauti?

#35 Mama Wawili

Karibu sana mgeni. Usikae kimya tena.

#36 Binti Tanga

Hii komenti imenivuruga. Inamaanisha hakuna kitabu kibovu, kuna kikomo cha mtu mmoja kwa mzaha mmoja. Vinne au vitano.

#37 Kibatari

Mgeni, karibu, na umeniweka pabaya. Lakini nina ushahidi wa upande wa pili. Mwaka jana nilirudia cha kwanza. Nakijua, nakumbuka karibu kila tukio. Ramirez alipopiga simu usiku nilifunga dirisha. Kama mimi ndiye niliyechoka, kwa nini kile hakijanichosha? Nikajaribu kurudia kimoja cha karibuni, nikaona sikumbuki kama niliwahi kukisoma.

#38 Mwalimu Chaki

Cha kwanza ulikisoma ukiwa kijana, Kibatari. Huenda ulimkumbuka kijana huyo.

#39 Kibatari

Mwalimu, nilifunga dirisha la nyumba ninayoishi sasa.

#40 Pwagu

Mimi sijasoma hata kimoja kati ya mnavyovitaja, ila mmenitia hamu. Huyo Montalbano nianzie wapi?

#41 Dada wa Bologna

Cha tatu, cha 1996, chenye mtoto François anayewaibia wanafunzi wenzake vitafunio. Hapo Camilleri ameshapata mkono wake. *Riccardino* usiiguse mpaka umewazoea wote.

#42 Mwalimu Chaki

Anza na cha kwanza. Ukianza na kizuri zaidi, viwili vya nyuma utaviona vibovu bila kosa lao.

#43 Pwagu

Nimepita dukani hapa Mwanza. Wana kimoja tu cha huyo mzee, ni cha kumi na mbili.

#44 Fundi Saa

Huyu ndiye mteja niliyemsema #4. Kurasa za mwanzo umeandikiwa wewe.

#45 Dada wa Bologna

Camilleri hana kurasa hizo, anakutumbukiza moja kwa moja kwenye kesi. Chukua hicho hicho, Pwagu. Ukimfikia Catarella uje utuambie kama umecheka mara ya kwanza au ya tatu.